Mkataba wa mwisho wa kuhesabiana nyuklia umeisha, sasa nani anachungulia stoo ya nani?

Mtunza Stoo (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite tu, sitaki mtu aje kunilalamikia bando.

Mi kazi yangu stoo. Mwaka wa kumi na saba huu nahesabu magunia, madumu na katoni za watu, na nimeshaona matajiri wawili wasioaminiana hata chembe wakifanya biashara miaka na miaka, mradi kila mmoja ana ruhusa ya kuja kuhesabu muda anaotaka. Siku ruhusa ikifutwa hata kama hakuna aliyeiba kitu, ndani ya wiki mbili utasikia ugomvi. Sasa hicho ndo kilichotokea Februari 5 mwaka huu 2026 kati ya Marekani na Urusi, na humu jukwaani naona watu wako bize na dirisha dogo la usajili.

Mkataba wenyewe unaitwa New START. Obama na Medvedev waliusaini Prague Aprili 8, 2010, ukaanza kazi Februari 5, 2011, miaka kumi, na ulikuwa na nafasi moja tu ya kuongezwa miaka mitano. Ikaongezwa 2021, basi, kisheria hapakuwa na nyongeza nyingine. Ulisema kila mmoja asizidishe vichwa vya nyuklia (yaani bomu lenyewe linalokaa juu ya kombora) 1,550 vilivyo kazini, makombora ya masafa marefu na ndege za kubeba nyuklia zilizo kazini kwa pamoja visizidi 700, na ukijumlisha na mitambo iliyopumzishwa isizidi 800.

Wengi wakisoma wanaishia kwenye hizo namba. Mi kilichonikalisha chini ni JINSI walivyokuwa wanahesabu.

Kila kombora na kila ndege ilikuwa na namba yake kama chesisi ya gari. Mara mbili kwa mwaka wanapeana leja nzima. Kombora likitoka kambini kwenda karakana unamtaarifu mwenzio, na hizo taarifa mpaka wanaacha zilishapita 25,000. Halafu hadi mara 18 kwa mwaka wakaguzi wa huku wanatua kule kwa notisi fupi na wanachagua WENYEWE wanataka kuona kombora lipi. Hapa ndo patamu. Mwenye kombora hataki uone umbo la vichwa vyake maana ni siri ya jeshi, kwa hiyo anavifunika, we mkaguzi unaona vinundu tu chini ya kifuniko, unahesabu kimoja, viwili, vitatu, unalinganisha na leja. Mwenyeji akisema hiki kidude hapa si nyuklia, unatoa kipimo cha mionzi unakiweka pale unaangalia. Yaani unahesabu mzigo wa mtu bila kufungua boksi! Niliposoma hapo nilicheka peke yangu kwenye daladala, kuna mama akasogea mbali nami kidogo.

Mambo yalianza kuharibika taratibu. Machi 2020 korona ikaja, ukaguzi ukasimama, na kusema kweli haukurudi tena. Februari 2023 Putin akatangaza anasimamisha ushiriki kwa sababu ya mambo ya Ukraine, leja nazo zikakatika. Hesabu kamili ya mwisho ya pande zote ilikuwa ya Septemba 2022, Urusi 1,549, Marekani 1,420. Hebu iangalieni hiyo 1,549 halafu mkumbuke kikomo ni 1,550. Stoo kwangu mtu akiniletea leja imekaa hivyo namshikia tochi, ila kipindi hicho wenye tochi walikuwa wameshakaa nyumbani miaka miwili na nusu.

Septemba 2025 Putin akasema basi tuendelee kuheshimu vikomo mwaka mmoja kwa hiari. Kwa hiari, bila mkaguzi, bila leja. Muda ukafika, mkataba ukaisha, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1972 walipoanza hii michezo ya kuwekeana vikomo, hawa jamaa hawana karatasi hata moja ya kuwabana kwenye silaha za masafa marefu wala ya kuwaruhusu kuingia kwa mwenzie kuhesabu. (Najua kulikuwa na nyufa katikati, ile START ya kwanza iliisha Desemba 2009 na New START ikaanza 2011, ila hapo walikuwa mezani tayari.)

Hoja yangu ni hii. Tunaambiwa dunia imesalimika kwa sababu kila mmoja anamwogopa mwenzie, ukinipiga nakupiga tunakufa wote. Sawa. Lakini mtu mwenye woga asiyeona ndo anayepiga kwanza. Karibuni.

Kiti cha Mbele

Nimeshakaa, karanga ninazo.

Jemedari wa Kitaa

Mkuu uzi mzuri ila hapo mwisho umeteleza. Karatasi hazijawahi kulinda mtu. Ukraine 1994 pale Budapest walipewa karatasi, Desemba 5, Urusi, Marekani na Uingereza wakasaini kabisa kwamba mipaka yako tutaiheshimu, nao wakaachia vichwa kama 1,900 vya masafa marefu walivyorithi toka Soviet. Leo wako wapi? Gaddafi Desemba 2003 akatangaza anaachana na mradi wake, Oktoba 2011 tukamwona alivyoburutwa. Kim Jong Il wa Korea Kaskazini akajitoa 2003 kwenye NPT, ule mkataba wa kuzuia silaha za nyuklia zisisambae, akalipua la majaribio 2006, mpaka leo mwanae Kim Jong Un yupo anakula bata na marais wanamfuata kumsalimia. Sasa we niambie ungekuwa rais wa kanchi kadogo somo gani ungelichukua hapo. Bomu ndo mlinzi, hayo mengine ni semina na posho.

Mtunza Stoo

Jemedari sikupingi yote, hilo somo lina nguvu na najua wapo wanaolisoma hivyo hivyo. Ila tuwe wakweli kwenye hesabu. Ukraine vichwa vilikuwa kwenye ardhi yake lakini namba za kuvifyatulia zilikuwa Moscow, ni sawa na mi nikuachie gari getini kwako na ufunguo niondoke nao. Wangeweza kuvunja vunja na kuunda upya? Labda, kwa miaka na kwa hela ambayo wakati ule hawakuwa nayo. Na Gaddafi hakuwa na bomu, alikuwa na mashine za kurutubisha urani nyingine bado ziko kwenye maboksi na michoro aliyonunua kwa mtandao wa yule Mpakistani A. Q. Khan. Alitoa mradi, hakutoa silaha.

Binti Pangani

Kaka Jemedari shikamoo kwanza maana kwa jina nahisi umenizidi 😄

Mimi ni mwalimu wa fizikia na hii mada naipenda kuliko mshahara. Unasema bomu ni mlinzi. Hebu nikukumbushe usiku wa Septemba 26, 1983. Wiki tatu nyuma Wasovieti walikuwa wametungua ndege ya abiria ya Korea, watu 269 wamekufa, dunia imechemka. Luteni kanali Stanislav Petrov yuko zamu kwenye handaki linaitwa Serpukhov-15 kusini mwa Moscow, king'ora kinalia, setilaiti inasema Marekani wamerusha kombora. Moja. Baadae mawili, mpaka matano. Kazi yake ni kuripoti juu. Yeye akajiuliza, mtu anayeanza vita ya kuimaliza nchi nzima anarusha matano tu? Na rada za ardhini mbona hazioni kitu? Akaripoti kwamba mtambo umekosea. Na kweli ulikuwa umekosea, ni mwanga wa jua uligonga juu ya mawingu setilaiti ikadhani ni moto wa makombora.

Sasa hapo mlinzi alikuwa bomu au ni mtu mmoja aliyekataa kuamini kompyuta? Angekuwa zamu mtu mwingine mwenye hamu ya cheo je?

Jemedari wa Kitaa

Mwalimu marahaba. Hiyo ya Petrov naijua ila mbona ndo ushahidi wangu, mfumo ulihimili.

Binti Pangani

Haukuhimili, ulibahatika. Chukua nyingine, Januari 25, 1995, vita baridi imeshakwisha, watu wanakunywa vodka pamoja. Wanasayansi wa Norway na Marekani wakarusha roketi ya kuchunguza ile mianga ya angani ya kaskazini. Rada za Urusi zikaiona kama kombora la nyambizi linalopanda, na rais Yeltsin akafunguliwa lile begi la kuamuru mashambulizi ya nyuklia. Na sikilizeni hapa, Norway WALITOA taarifa mapema kwamba tutarusha! Barua ilifika serikalini ila haikuwafikia vijana wa kwenye rada. Nasema hili kwa Mtunza Stoo pia, maana anasifia leja kama vile leja haipotei njiani.

Mtunza Stoo

Mwalimu hapo umenikamata. Leja inapotea, nimeshaona bosi mmoja anafukuza kijana wa watu kwa mzigo ambao hati yake ilikuwa droo ya mhasibu. Ila ndo uone, hiyo ni siku taarifa moja tu imepotea, sasa hivi zile 25,000 hazipo kabisa. Kidogo ninachoshukuru ni kwamba kuna mkataba mdogo wa 1988 wa kutaarifiana majaribio ya makombora, huo haukuwa sehemu ya New START.

Bei ya Unga

Nyie watu mna nafasi. Sukari imepanda, umeme unakata, mnajadili vichwa vya Putin. Vinatuhusu nini sisi?

Kiti cha Mbele

Ngoja niongeze karanga 😂

Fundi Antena

@Bei ya Unga kinakuhusu. Kuna mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia wa 1996, haujaanza rasmi mpaka leo lakini vituo vyake vya kunasa majaribio vimeshasambazwa dunia nzima, vimepangwa kuwa 321 na maabara 16. Kimoja kiko hapa hapa Dar es Salaam, kinanusa hewa masaa ishirini na nne kutafuta vumbi la mionzi. Majirani Kenya wana cha mitetemo ya ardhi pale Kilimambogo na kingine cha kusikiliza sauti nzito ambazo sikio halisikii. Kim alivyokuwa analipua mashimoni, mitambo kama hii ndo iliyomuumbua, siku hiyo hiyo dunia ikajua ukubwa wa mtetemo wake. Kwa hiyo ile kazi ya kuhesabu ambayo Mtunza Stoo anaisema, kidogo na sisi tumeshika kalamu. Na mwaka jana Oktoba Trump kasema Marekani waanze tena kujaribu, wakati jaribio lao la mwisho la kulipua ni Septemba 1992. Urusi nao walishaondoa uridhiaji wao Novemba 2023. Ukisikia majaribio yameanza tena, Dar tutanusa.

Bei ya Unga

Mh. Hicho kituo sikukijua. Endeleeni.

Mtoto wa Likasi

Bon, bandugu mnisamehe, Kiswahili yangu ni ya Katanga. Huyu anauliza inatuhusu nini. Miye nimezaliwa Likasi, kule Kongo, kutoka kwetu mpaka mgodi wa Shinkolobwe si mbali. Urani ya lile bomu la Hiroshima sehemu kubwa ilitoka pale. Mkubwa wa Union Minière, kampuni yenye mgodi, Edgar Sengier, Mbelgiji, aliogopa Wajerumani, mwaka 1940 akapeleka tani kama 1,200 za mawe New York, zikakaa ndani ya mapipa pale Staten Island kama mzigo wa kawaida, hakuna mtu anauliza. 1942 jeshi la Marekani likaja kumtafuta, kumbe mzigo uko tayari mlangoni. Mawe yetu yalikuwa tajiri sana, mengine yalifika hadi asilimia 65, migodi mingine duniani ilikuwa inashangilia ikipata pungufu ya moja.

Bababu bale balichimba, hakuna aliyewaambia ni nini, na hakuna mtu aliandika majina yao. Wabelgiji wakafunga mgodi mbele ya uhuru, watu wakarudi kuchimba kobalti kwa mikono, 2004 shimo likaporomoka likaua watu. Mnahesabu vichwa, vizuri. Bale bachimbaji hakuna mtu amewahesabu mpaka leo.

Binti Pangani

Mtoto wa Likasi nimesoma mara mbili. Asante ndugu yangu.

Kijana wa Kongowea

Yakhe mmenigusa. Mie niongeze la upande wa bahari. Afrika nzima tuna mkataba wetu, Pelindaba, ulisainiwa Cairo Aprili 1996, hakuna kuunda, kuweka wala kujaribu bomu la nyuklia barani. Ulikaa makabatini miaka kumi na tatu ukisubiri nchi 28 ziridhie, na ya 28 mnajua ni ipi? BURUNDI. Julai 15, 2009 ndo ukaanza kazi. Wakubwa wote wa bara wamekaa, Burundi ndo kafunga goli.

Lakini sasa tazameni ramani ya ule mkataba, visiwa vya Chagos vimo ndani, navyo vina Diego Garcia, kambi ya Mmarekani ambako zinatua zile ndege zake kubwa. Uingereza, aliyekuwa akivishikilia visiwa hivyo, kasaini itifaki (kiambatisho cha mkataba) ila kwa Chagos kasema haimhusu. Kwa hiyo eneo letu lisilo na nyuklia lina chumba ambacho hatuna ufunguo. Mtunza Stoo hiyo kwenye leja unaiandikaje?

Mtunza Stoo

Hiyo tunaandika "haijakaguliwa" afu unapiga mstari mwekundu, na bosi anakwambia uufute 😂

Ila umenikumbusha hilo jina lenyewe, Pelindaba. Ni kituo cha nyuklia cha Afrika Kusini karibu na Pretoria. Makaburu walitengeneza mabomu sita kamili na la saba likiwa njiani, wakayavunja wenyewe kimya kimya, wakaingia NPT Julai 1991, na rais de Klerk ndo akaja kulitangazia bunge Machi 24, 1993 kwamba jamani tulikuwa nayo. Sasa fikiria we ni mkaguzi wa shirika la atomiki la Vienna, mtu anakwambia nilikuwa na sita, nimevunja sita, niamini. Unafanyaje? Walirudi kwenye leja za kiwanda za kila siku miaka ya nyuma, umeme uliotumika, urani iliyoingia, iliyotoka, mabaki, wakapiga hesabu mpaka zikakubaliana. Wahasibu wenzangu! Ndo nchi pekee iliyounda mabomu yake yenyewe ikayaacha, na mwisho wa siku iliaminika kwa sababu ya makaratasi ya stoo.

Jemedari wa Kitaa

Haya nimewasikia, mmenipunguza kasi kidogo. Ila Marekani wana hoja moja msiikwepe. Mkataba wa wawili wakati wachezaji ni watatu ni wa nini? China miaka ya karibuni kapanda mpaka vichwa kama 600, 2021 picha za setilaiti zikaonyesha anachimba mamia ya mashimo ya makombora kule jangwani Yumen na Hami. Sasa Mmarekani abanwe na 1,550 za kumkabili Mrusi, afu huyu wa tatu anapanda ngazi hana mkataba na mtu?

Mtunza Stoo

Hoja ya kweli hiyo na ndo ngumu kuliko zote. Mchina akiitwa anajibu, nyie wawili mna zaidi ya vichwa elfu tano kila mmoja ukijumlisha na vya ghalani na vinavyosubiri kuvunjwa, shukeni kwanza ndo mniite. Na anaongeza kwamba toka alipolipua la kwanza 1964 ameahidi hatatumia kwanza. Mmarekani haamini ahadi, Mchina haamini leja, maana kwa mwenye vichache kuonyesha vilipo ni kumwonyesha mwenzio pa kupiga. Hata hapa mtaani mwenye duka la jumla anakubali ukaguzi kirahisi kuliko mwenye kigenge.

Hesabu ya watatu nayo ni kichaa. Ukitaka ulingane na wawili kwa pamoja, nao kila mmoja akitaka hivyo hivyo, hakuna namba duniani itakayowatosha wote watatu.

Halafu kuna ngao. Mwaka 1972 Marekani na Soviet walikubaliana wasijenge ngao za kukinga nchi nzima dhidi ya makombora, na watu wengi hapo wanashangaa, ngao si kitu kizuri? Fikiria mmeshikiana visu, mwenzio anaenda kuvaa fulana ya chuma. Unajua akiivaa tu kisu chako si kitu, kwa hiyo ama unanunua visu kumi ama unamchoma kabla hajafunga vifungo. Bush akajitoa kwenye huo mkataba 2002, na Mei 2025 Trump kaja na mradi wake wa Golden Dome. Mrusi ndo akaleta madude yake, kombora la nyuklia linalotembea chini ya bahari na jingine linaloruka kwa injini ya nyuklia, mradi tu akwepe ngao. Na hayo madude New START haikuyataja kabisa.

Binti Pangani

Nikiwafundisha wanafunzi hiki kipindi huwa nawaonyesha mkataba wa INF wa 1987, Reagan na Gorbachev, makombora ya masafa ya kati 2,692 yaliteketezwa mpaka katikati ya 1991. Mengine waliyafunga chini wakayawasha yaungue mafuta yote, mengine wakayakata kwa msumeno mkaguzi kasimama pembeni na kalamu. Wamarekani walihamia kabisa Votkinsk kwenye geti la kiwanda cha Wasovieti, wakawa wanakagua mabehewa yanayotoka, na kwa mkataba huo kazi hiyo ilienda mpaka 2001. Watu wa Utah nao waliletewa Warusi mjini kwao. Watoto hawaamini. Mkataba huo ulikufa Agosti 2019, Marekani akisema Mrusi kadanganya na kombora lake jipya.

Kijana wa Kongowea

Swali la mwisho mie nikalale. Mtunza Stoo, umesema ndege nazo zilihesabiwa. Ndege moja si inabeba makombora kibao? Kwenye ile 1,550 inahesabiwa vipi?

Mtunza Stoo

Kimoja.

Kijana wa Kongowea

Kimoja nini?

Mtunza Stoo

Ndege moja kichwa kimoja. B-52 inaweza kubeba makombora hadi ishirini, leja inaandika moja. Sababu ni kwamba wakati wa amani zile ndege zinakaa uwanjani tupu, mzigo uko ghala jingine, mkaguzi akija hakuna cha kuhesabu, wakaona bora wakubaliane namba moja ya kuandika kuliko kugombana. Wote wawili walikuwa na ndege za namna hiyo kwa hiyo hakuna aliyelalamika.

Kiti cha Mbele

Kwa hiyo na hiyo leja unayoililia ilikuwa na gunia lenye magunia ndani?

Mtunza Stoo

Ilikuwa nalo, ila nilikuwa najua liko wapi. Kesho nina kufunga mwezi wakuu, nitajibu waliobaki nikitoka kuhesabu.